Datsun 240Z inapoazima breki za Hilux

Safari Rally ya mwaka 1973 ilikwisha kwa sare. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na matope, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, na Harry Källström wa Sweden walirudi wakiwa na pointi za adhabu zilizolingana. Ushindi ukaenda kwa Mehta, kwa kuwa ndiye aliyefika mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi yake ya kwanza. Wote wawili walikuwa kwenye Datsun. Källström alikuwa na 1800 SSS. Mehta na msaidizi wake Lofty Drews walikuwa kwenye gari la milango miwili lenye boneti ndefu, 240Z. Miaka miwili kabla ya hapo, Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa gari la aina hiyo hiyo, na aliyewafuata nafasi ya pili alikuwa Mehta, naye ndani ya 240Z.

Gari la Herrmann sasa limetunzwa Japani, kwenye hifadhi ya magari ya kale ya Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, huko Zama. Ndugu zake wengine hawajapumzishwa. Tangu mashindano ya East African Safari Classic yalipoanza mwaka 2003, 240Z na 260Z zimekuwa zikirudi kwenye barabara za changarawe za Afrika Mashariki, na huko Marekani, ambako magari haya yaliuzwa kwa wingi kuliko mahali pengine popote, maelfu ya wenye nayo huyatoa gereji wikiendi na kuyakimbiza. Injini zimeongezwa nguvu, tairi zimekuwa pana na shokapu zimebadilishwa. Hatimaye mwenye gari hukanyaga breki mahali fulani akitelemka, akaona pedali inazama kuliko ilivyozoea, akaanza kutafuta diski kubwa.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Ilipotoka kiwandani mwishoni mwa 1969, 240Z haikuwa na breki mbaya. Mbele ilikuwa na diski za kipande kimoja, zisizo na njia za hewa ndani, zenye kipenyo cha milimita 271 na unene wa milimita 12.5. Kila diski ilibanwa na kalipa ya pistoni mbili, moja kila upande. Nyuma kulikuwa na dramu za alumini zenye mapezi ya kupoza. Kwa zama zake huo ulikuwa mpangilio wa kawaida kabisa. MGB ya Uingereza ilitumia diski mbele na dramu nyuma tangu 1962. Na hata huko Ulaya diski hazikuwa na umri mkubwa: zilipata jina pale Jaguar C-Type ilipozitumia kushinda saa 24 za Le Mans mwaka 1953, Tony Rolt na Duncan Hamilton wakiwa usukani, huku wapinzani wakihangaika na dramu zilizochoka kila walipofika mwisho wa mnyoosho mrefu.

Kwa gari la kilo 1,045 na injini ya silinda sita ya cc 2,393, milimita 271 zilitosha. Ukikanyaga kwa nguvu, diski za asili zinaweza kukaba tairi mpaka zisizunguke, na hapo ndipo uwezo wa breki yoyote unapoishia. Kinachosimamisha gari ni mshiko wa tairi kwenye barabara. Mtu anayefunga diski ya milimita 300 akitarajia gari lisimame mita kumi mapema kwenye taa za barabarani atasikitika, labda awe amebadilisha na tairi pia. Diski kubwa humnunulia kitu kingine: uwezo wa kufunga breki mara ya kumi kwa nguvu ile ile ya mara ya kwanza.

Hesabu yake si ngumu. Chukua gari la kilo 1,100 pamoja na dereva, liko kilomita 100 kwa saa. Kulisimamisha ni kugeuza kama kilojuli 420 za mwendo kuwa joto. Breki za mbele hubeba sehemu kubwa, tuseme asilimia 70, kwa hiyo kila diski ya mbele hupokea karibu kilojuli 150. Diski ya chuma ya kilo 5 ikipokea kiasi hicho hupanda nyuzi 60 hivi. Mara moja si neno. Lakini shuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa kasi ya mashindano, kona baada ya kona, bila kuipa diski nafasi ya kupoa, na baada ya mara kumi unakaribia nyuzi 600, joto ambalo chuma huanza kuonyesha wekundu gizani. Pedi za kawaida hupoteza mshiko mapema kuliko hapo. Mafuta ya breki nayo, yakipata joto kupitia pistoni, huchemka na kutoa mvuke, na mvuke hukubali kukandamizwa. Ndiyo maana pedali huzama.

Kuna njia mbili za kuhimili joto hilo: kuwa na chuma kingi zaidi cha kulipokea, au kuwa na njia ya kulitoa haraka. Diski yenye matundu ya hewa katikati, kati ya nyuso zake mbili, hufanya yote mawili kwa pamoja. Nissan wenyewe walifika huko. Kwenye 280ZX, iliyochukua nafasi ya kizazi cha kwanza cha Z, diski za mbele zilikuwa na njia za hewa, na nyuma pia kukawa na diski. Mwenye 240Z anapoona gari dada, tena la kampuni moja, lenye nati za magurudumu nne zile zile kwenye duara la milimita 114.3, hujiambia kazi ni kufungua bolti na kufunga bolti. Anaagiza diski. Zinafika. Hazikai.

Sababu iko nyuma ya habu, kitovu kinachobeba gurudumu. Fundi aliyezoea Toyota za leo anajua kwamba rimu ikitoka na kalipa ikisogezwa pembeni, diski huvutwa tu kutoka kwenye bolti za gurudumu. Kwenye 240Z diski imefungwa nyuma ya habu kwa bolti nne. Ili kuibadilisha, habu nzima hutolewa pamoja na beringi zake, grisi ya zamani husafishwa, sili mpya huwekwa, kisha habu na diski hutenganishwa, mara nyingi kwa nyundo ya mpira na maneno ambayo gazeti hili haliyachapishi. Wakati wa kurudisha, beringi hukazwa kwa kipimo: ikilegea, gurudumu linacheza na diski inazisukuma pistoni ndani, hivyo pedali inazama hata kama breki ni mpya; ikibana mno, beringi inaungua.

Kwa hiyo kipimo kinachoamua kama diski inafaa ni kile ambacho matangazo ya wauzaji hukitaja mwisho, kama wakikitaja: umbali kutoka uso unaogusa habu hadi uso unaokamatwa na pedi. Tofauti ya milimita tatu au nne hapo inatosha kuipeleka diski nje ya mstari wa kalipa, ikamegwa upande mmoja na pedi huku upande mwingine ukibaki na pengo. Baada ya hapo kuna tundu la katikati, ambalo lazima likae kwenye habu bila kucheza, kisha duara la bolti. Unene nao ni lazima uingie kwenye mdomo wa kalipa. Kipenyo, ambacho kila mtu hukiuliza kwanza, kinafuata baada ya hivyo vyote.

Suluhisho maarufu zaidi la tatizo hili halikutoka kwa kampuni ya breki za mashindano. Lilitoka kwenye pikapu. Miaka mingi iliyopita wapenzi wa Z huko Marekani waligundua kwamba kalipa za mbele za pikapu ya Toyota inayosukumwa na magurudumu yote manne, ile inayofahamika duniani kama Hilux, zina matundu ya bolti yanayolingana na ya mguu wa mbele wa 240Z. Pikapu za kati ya 1979 na 1985 zilikuwa na kalipa iliyoandikwa S12+8. Ina pistoni nne, mbili kila upande, imebuniwa kusimamisha gari lenye shehena nyuma, na mdomo wake unaipokea diski ya asili ya Datsun, ile ya milimita 12.5. Hakuna habu ya kubadilisha wala kibati cha kuchonga. Kinachodaiwa ni kulikata au kulikunja bamba jembamba la kuzuia vumbi lililo nyuma ya diski, kwa sababu kalipa ya Toyota ni pana, na kupinda upya bomba fupi la mafuta linaloingia kwenye kalipa.

Ndoa hiyo ya gari la michezo na gari la kubebea mchanga inachekesha, lakini imesimama kwa miongo. Sehemu ya sababu ni bei: kalipa ya pikapu hupatikana kwa sehemu ndogo ya gharama ya seti ya mashindano, na pedi zake ziko karibu kila duka la spea lenye jina la Toyota ukutani. Kwa msomaji aliyeko Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hilo lina maana ya pekee, ingawa lazima apime kabla ya kulipa. Mapishi haya yalitokana na pikapu zilizouzwa Marekani, na Toyota haikufunga breki zile zile kwenye kila Hilux ya kila soko. Herufi zilizochongwa kwenye mwili wa kalipa ni ushahidi bora kuliko neno la muuzaji.

Toleo la pili la mapishi hayo ni la wanaotaka diski zenye njia za hewa. Kalipa inayotumika ni S12W, ya pikapu za baadaye, yenye mdomo mpana zaidi. Diski huazimwa kwa Nissan 300ZX ya katikati ya miaka ya 1980, zile za mwanzo zenye bolti nne. Hapa ndipo umbali ule wa nyuma ya habu unapodai haki yake: diski ya 300ZX ikifungwa moja kwa moja haikai katikati ya kalipa, hivyo kipande cha alumini kinakerezwa na kuwekwa kati ya habu na diski. Kipande hicho lazima kiwe na unene ule ule mzunguko mzima. Kikikerezwa ovyo, diski itayumba, na usukani utatetemeka kila breki zinapofungwa. Mwenye gari atadhani diski imepinda, ataipeleka ikakerezwe, atapoteza chuma ambacho hakuwa na sababu ya kukipoteza, na mtetemo utarudi. Kutu kwenye uso wa habu huleta ugonjwa huo huo, na tiba yake ni brashi ya waya pamoja na geji ya saa ya kupimia uyumbaji.

Swali la chuma kilichobaki si la mzaha. Diski ya 240Z huanza na milimita 12.5 na kitabu cha kiwanda kinaitaka itupwe ikifika 10.5. Milimita mbili tu, moja kila upande. Gereji inayokereza diski ili ing'ae bila kuipima kwanza inaweza kuimaliza kwa zamu moja.

Tuseme diski zimekaa na kalipa ziko katikati. Pedali sasa inaweza kwenda chini kidogo kuliko zamani, na mwenye gari ataitoa upepo mara tatu bila mabadiliko. Mara nyingi hakuna upepo wowote. Pistoni nyingi au kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi ili zisogee, na masta silinda ya asili, yenye kipenyo cha inchi 7/8, husukuma kiasi kidogo. Wengi huchukua ya 280ZX, ya inchi 15/16. Tofauti hiyo ya moja ya kumi na sita ya inchi inaonekana kama utani, ila eneo la pistoni huongezeka kwa takriban asilimia 15, na mafuta yanayosukumwa kwa kila milimita ya mguu huongezeka kwa kiwango hicho hicho. Presha kwa mguu ule ule hupungua karibu kwa kadiri hiyo. Pedali inakuwa juu na ngumu zaidi. Dereva anayependa kuihisi breki kwa unyayo huifurahia. Mwingine atalalamika kwamba busta imekufa.

Nyuma kuna mtego wa aina nyingine. Mbele kukiongezwa nguvu na nyuma kukaachwa na dramu zilezile, tairi za mbele zitakabwa mapema na za nyuma zitafanya kazi kidogo kuliko zinavyoweza. Gari linabaki limenyooka, usukani unakuwa hauna kazi, na umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Kinyume chake ni hatari zaidi: nyuma ikikabwa kabla ya mbele, mkia hutaka kutangulia. Wanaofunga diski nyuma, mara nyingi kwa kalipa za Nissan 240SX na diski za 300ZX, hulazimika kutengeneza vibati vya kushikia, kufikiria upya kebo ya handbreki, na kuweka vali ya kugawa presha inayoweza kurekebishwa. Tena, baadhi ya mifumo ya dramu huwa na vali ndogo inayobakiza presha kwenye bomba ili shuu zisirudi mbali. Vali hiyo ikisahaulika baada ya kuweka diski, pedi zitaendelea kusugua safari nzima, na harufu ndiyo itakayotoa taarifa. Mtu asiye na mpango wa kukimbia kwenye kiwanja cha mashindano hana haja ya kuzigusa dramu zile. Zikirekebishwa vizuri zinafanya kazi yake.

Halafu kuna rimu. Rimu ya inchi 14, ya asili, ina kipenyo cha milimita 356 pale tairi linapokalia, na nafasi iliyo wazi ndani yake haifiki hapo, tuseme milimita 330. Diski ya milimita 300 ingeiachia kalipa milimita 15 juu yake, na hakuna kalipa nyembamba kiasi hicho. Kwa hiyo seti kubwa inadai rimu za inchi 16 au 17, na rimu kubwa inadai tairi lenye ukuta mfupi. Kwenye lami ya California hilo ni suala la urembo. Kwenye changarawe za Afrika Mashariki, ukuta mrefu wa tairi ndio unaopokea jiwe kabla rimu haijalipokea. Gari la safari ndefu za vumbi linafaa kubaki na rimu ndogo, na hivyo kubaki na diski za wastani. Kulikata bamba la vumbi nako hubadilika maana yake: kokoto ikiingia kati ya diski na kalipa inaweza kuichora diski mfereji ndani ya dakika chache. Fundi wa mashindano atatumia saa nzima kulikunja bamba hilo lipishe kalipa badala ya kulitupa.

Kuhusu diski zilizotobolewa matundu usoni, sifa zake zimezidi manufaa yake. Matundu yalikuwa na kazi wakati pedi za zamani zilipotoa gesi nyingi zikipata joto. Gesi ilihitaji pa kutokea. Pedi za leo hazitoi gesi kiasi hicho. Kinachobaki ni diski yenye chuma pungufu, na kila tundu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia chuma kikipata joto na kupoa mara kwa mara. Mifereji ya kuchongwa juu juu ina madhara kidogo. Kwa 240Z ya wikiendi, uso bapa usio na urembo wowote ndio chaguo la busara, hata kama haupendezi kwenye picha.

Jambo linalokosewa hata na mafundi wazoefu ni upande. Diski nyingi za hewa zina mapezi yaliyonyooka ndani na zinaweza kufungwa kushoto au kulia. Nyingine zina mapezi yaliyopinda, na hizo zina upande wake. Hewa huingia karibu na habu na kutupwa nje, na ili hilo litokee, pezi linapoelekea ukingoni lazima lilale nyuma, kinyume na mwelekeo wa mzunguko. Watu hutazama mifereji ya usoni kuamua upande. Mifereji haina habari na hewa ya ndani. Inabidi kuchungulia kwenye ukingo wa diski kwa tochi.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ambayo ingewaokoa wengi wasinunue diski kabisa. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Ya DOT 3, yakiwa mapya, huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishafyonza maji, kiwango cha chini kinachokubaliwa ni 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mombasa au Tanga, ambako hewa yenyewe ni nzito, mafuta yaliyokaa miaka mitano kwenye gari linaloegeshwa zaidi ya linavyoendeshwa yako upande wa pili wa namba hizo. Mabomba ya mpira ya miaka 30 huvimba ndani yakipewa presha, na pedali hulegea kama vile kuna upepo. Mafuta mapya, mabomba mapya na pedi zinazovumilia joto kwenye diski za asili zilizo na unene wake huirudishia 240Z breki ambazo wamiliki wengi wa leo hawajawahi kuzihisi. Asiyeridhika baada ya hapo ana sababu ya kweli ya kwenda kwenye kalipa za pikapu.

Wanaoshindana rasmi hawana uhuru wote huo. Kanuni za FIA kwa magari ya kihistoria, zinazojulikana kama Kiambatisho K, hudai gari libaki katika hali iliyoruhusiwa enzi zake, na pasi yake ya kiufundi huorodhesha breki pia. Diski ya 300ZX ya miaka ya 1980 kwenye gari la 1971 inaweza kulizuia kuanza mashindano ya aina hiyo. Soko la wakusanyaji nalo lina macho makali: Januari 2020 gari moja la 240Z la mwaka 1971, lililobaki karibu kama lilivyotoka dukani, liliuzwa Marekani kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000. 240Z ilipoanza kuuzwa huko, bei yake ya dukani ilikuwa dola 3,526. Kalipa ya Hilux hufungwa na kufunguliwa kwa spana, na gari likarudi lilivyokuwa ndani ya siku moja, isipokuwa pale bamba la vumbi lilipokatwa kwa grainda au mguu wa mbele ulipochomelewa vibati. Kwa sababu hiyo, wanaolitunza gari kwa ajili ya kuliuza baadaye hutafuta kwanza bamba la pili, kuukuu, la kukata, na la asili wakalihifadhi pamoja na diski za milimita 12.5.